Kufunga umeme wa jua na betri katika nyumba ya kisiwani: mfano wa Chole, Mafia

Nyumba ya kisiwani haifungwi sola kama nyumba ya Morogoro au Dodoma. Jua ni lile lile na vifaa ni vile vile vinavyouzwa Kariakoo, lakini kisiwani kuna chumvi inayosafiri na upepo usiku na mchana, na kuna kipuri ambacho kikikosekana huwezi kukifuata kwa bodaboda ukarudi nacho kabla ya magharibi. Maelezo haya yanamlenga mwenye nyumba wa Chole, Juani, Jibondo au kisiwa chochote cha ukanda wetu, anayetaka mfumo utakaodumu miaka mingi na si wa kuwasha taa kwa msimu mmoja. Ushauri mkuu ni huu: fedha ziende kwanza kwenye betri, nyaya na viungo, kisha ndipo paneli ziongezwe. Paneli ndiyo inayoonekana na majirani, lakini nyumba nyingi zilizorudi gizani visiwani zimerudishwa na kiungo kilichooza au betri iliyonunuliwa ndogo.

Kazi ya kuunganisha upande wa volti 230 ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na jambo hilo halina mbadala. Hata hivyo hesabu, ununuzi, usafirishaji, uchaguzi wa mahali na ukaguzi ni kazi zako, na fundi mzuri hufurahi kumkuta mwenye nyumba aliyekwisha kuzifanya.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Chukua daftari, uandike kila kifaa, wati zake na saa kitakazotumika kwa siku. Nyumba ya kawaida yenye familia inaweza kuwa na taa nane za LED za wati 7 zinazowaka saa 5, ambazo ni wati-saa 280. Televisheni ya wati 50 kwa saa 5, wati-saa 250. Feni mbili za wati 40 kwa saa 8, wati-saa 640. Simu za watu wanne, kama wati-saa 50. Na jokofu dogo linalokula karibu wati-saa 700 kwa siku. Jumla ni 1,920. Hapo wengi hufunga daftari, na hapo ndipo kosa la kwanza huzaliwa, kwa sababu inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa volti 230, yenyewe hula umeme hata kama hakuna taa inayowaka. Inveta inayokula wati 20 kwa saa 24 inamaliza wati-saa 480, yaani zaidi ya taa zote za nyumba. Jumla ya kweli basi ni wati-saa 2,400, sawa na uniti mbili na nusu kasoro kidogo za LUKU kwa siku.

Pasi, birika la umeme na jiko la umeme visiingie katika mfumo wa ukubwa huu. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula wati-saa 500, na nguo za shule zinaweza kunyooshwa kwa pasi ya mkaa kama zilivyonyooshwa siku zote.

Sasa pima jua, na ulipime katika msimu mbaya. Mauzo mengi ya sola hupangwa kwa jua la kiangazi, wakati ambapo pwani hupata zaidi ya saa tano za jua kamili kwa siku, yaani saa zenye nguvu ya jua la adhuhuri, lakini familia haiishi kiangazi peke yake. Kuanzia Machi hadi Mei masika hufunga anga, na mtu mwenye busara huhesabu saa nne. Gawanya 2,400 kwa 4 upate 600, kisha ugawanye kwa 0.7, kwa sababu joto, vumbi, nyaya na inveta hupoteza karibu asilimia 30 njiani. Matokeo ni wati 857. Kwa karatasi, paneli mbili za wati 450 zinatosha. Kwa nyumba inayotaka kulala na feni mwezi Aprili, nashauri tatu, kwa kuwa baada ya siku mbili za mawingu betri inahitaji kujazwa upya huku nyumba ikiendelea kutumia, na paneli mbili hazitakuwa na ziada ya kufanya hivyo.

Betri gani, na kwa nini uzito wake ni jambo la kufikiria

Betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu ya ujazo wake kila siku, ilhali betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma huvumilia kutumika hadi asilimia 80 bila kulalamika. Betri moja ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 200 inabeba wati-saa 5,120, na asilimia 80 yake ni kama 4,100, yaani mahitaji ya nyumba yetu kwa siku moja na nusu na zaidi. Kwa risasi utahitaji betri nne za volti 12 zenye ampea-saa 200 ili ufikie kiwango hicho. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 60. Yule wa lithiamu hubeba mzigo mmoja usiozidi sana kilo 50. Yule wa risasi anavusha kilo 240.

Uzito huo una maana kubwa kwa sababu ya njia. Vifaa vinatoka Dar es Salaam hadi Nyamisati, vinavuka hadi Kilindoni, vinapelekwa kwa gari hadi Utende, kisha vinaingia kwenye mashua kuelekea Chole. Maji yakiwa yametoka siku za bamvua, mashua haifiki ufukweni, na mzigo unabebwa kichwani au begani kwa watu wanaotembea majini hadi magotini juu ya mchanga na majani ya bahari. Nimemwona kijana akiteleza hapo na betri mikononi. Alijiumiza goti, na betri ikaingia maji ya chumvi kabla haijawahi kuwasha taa hata moja. Betri ya lithiamu iliyozama katika maji ya bahari haichajiwi tena, hata ikikaushwa juani wiki nzima, kwa sababu chumvi hubaki ndani ya saketi zake na inaweza kuwasha moto. Kwa hiyo panga siku ya kuvusha kwa kuangalia maji, si kwa kuangalia ratiba ya gari. Vuka yakiwa yamejaa, funika vichwa vya betri kwa mpira, na uifunge yote kwa nailoni nzito hata kama bahari imetulia kama kioo.

Joto nalo linaamua. Kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu, na vyumba vyetu chini ya mabati hupita kiwango hicho kwa urahisi. Nikiweka pamoja mzigo, joto na umri, lithiamu ndiyo betri ya kisiwani, ingawa bei yake ya siku ya kwanza inauma.

Kabla mzigo haujatoka Dar es Salaam, jaribu kila kitu. Toa paneli nje mchana, uipime kwa maltimita (kipimo cha umeme), ulinganishe volti na ampea na zile zilizo kwenye kibandiko cha nyuma. Nunua pia akiba: fyuzi za kila ukubwa uliotumika, jozi nne au tano za viunganishi vya paneli vya chapa ile ile, breka moja, na gundi ya silikoni. Vitu hivi si ghali, lakini kila kimoja kikikosekana kinagharimu nauli ya kwenda na kurudi ng'ambo pamoja na usiku kadhaa wa giza.

Kuelekeza paneli

Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zinapaswa kutazama kaskazini. Dira ya simu mara nyingi hudanganya ikikaribia mabati na vyuma, lakini kisiwani kuna kipimo kizuri kuliko hicho. Mafia na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, takribani nyuzi 39.8 mashariki, na ndiyo maana kibla cha misikiti ya huku kinaelekea kaskazini halisi kwa usahihi mkubwa. Waswahili wa pwani hata upande wa kaskazini wenyewe huuita kibla. Basi simama mbele ya msikiti uliojengwa kwa kibla sahihi, uangalie mihrabu inakotazama, na uzielekeze paneli huko huko. Fundi mmoja mzee wa boti alinionyesha jambo hili kwa kunyoosha mkono tu, na tulipopima baadaye kwa dira nzuri hatukuona tofauti ya kuhangaisha.

Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha. Ukipunguza chini ya hapo, maji ya mvua hayateremki vizuri na uchafu unabaki kwenye ukingo wa chini wa paneli; ukizidisha, unaukaribisha upepo. Angalia pia vivuli kwa miezi miwili tofauti: mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na mnazi ulio mbele ya paneli utatupa kivuli juu yake, mwezi Desemba jua hupita kusini kwetu, na mti ulio nyuma ya nyumba ndio utakaoleta taabu. Kivuli cha kuti moja tu kinaweza kupunguza sana kazi ya paneli nzima. Chole kuna jambo la ziada: popo wakubwa wanaolala mchana katika miti. Usiweke paneli chini ya mti wao wala katika njia yao ya jioni, kwa maana kinyesi chao kikikauka juu ya kioo hakitoki kwa mvua.

Juu ya mabati au chini uwanjani

Paa la makuti halibebi paneli. Halina nguvu, linahifadhi unyevu, na cheche moja inatosha kuichoma nyumba. Mwenye makuti ajenge fremu uwanjani, kwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki na kusimikwa kwa zege. Miti ya mikoko inavutia kwa kuwa iko karibu, lakini Chole, Juani na Jibondo zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, na ukataji wa mikoko una masharti yake.

Kwenye mabati, reli za paneli zishikwe na papi au kenchi, kamwe si bati peke yake. Skrubu ipite kwenye mgongo wa bati na si bondeni, iwe na washa ya mpira, na izibwe kwa silikoni. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya bati na paneli ili hewa ipite, na uziweke paneli mbali na ukingo wa paa, mahali ambapo upepo hunyanyua kwa nguvu zaidi. Paneli ya wati 450 ina eneo la mita za mraba zaidi ya mbili, ni tanga. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024 kilitukumbusha kwamba upepo wa huku hauishii kwenye kusi tuliyoizoea.

Nyaya na volti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Chukua paneli tatu za wati 450, kila moja ikiwa na volti 49.5 pasipo mzigo, yaani kabla ya kuunganishwa na kifaa chochote, na volti 41 na ampea 11 ikifanya kazi, na tuseme umbali kutoka paa hadi chumba cha betri ni mita 15. Ukiziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zinabaki 41 na ampea zinakuwa 33. Katika waya wa milimita za mraba 6, kwenda na kurudi, unapoteza kama volti 3 kati ya 41. Ni zaidi ya asilimia 7 ya umeme wako, unaogeuka joto ndani ya waya kila siku. Ukiziunganisha kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya inayofuata, volti zinakuwa 123 na ampea zinabaki 11. Waya ule ule unapoteza volti moja tu.

Mfululizo basi ni bora mahali pasipo na kivuli, lakini una mtego. Volti za pasipo mzigo zinajumlishwa na kufika 148.5, na asubuhi yenye ubaridi baada ya mvua zinaweza kugota 150. Vidhibiti chaji vingi, vifaa vinavyosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda betri, vina kikomo cha volti 150, na kikipitwa kidhibiti huungua. Chagua chenye kikomo cha 250 au zaidi, kisha usome na kima cha chini: baadhi ya inveta zenye kidhibiti ndani yake haziamki mpaka zipate volti 120, na jua la mchana likizichemsha paneli zetu tatu, volti zake hushuka hadi karibu 108. Mfumo wa namna hiyo utafanya kazi saa mbili asubuhi na kulala saa sita mchana, na mwenye nyumba atamlaumu fundi au jua. Palipo na kivuli kisichoepukika, sambamba inafaa, kwa sharti la waya mnene wa milimita za mraba 16 na fyuzi kwa kila paneli.

Breka za upande wa paneli ziwe zimeandikwa DC, yaani za umeme mnyoofu, ule wa paneli na betri. Breka ya kawaida ya nyumbani haiwezi kuikata cheche ya umeme mnyoofu wa volti zaidi ya 100. Cheche hiyo huendelea kuwaka kama ya kuchomelea vyuma. Kutoka betri hadi inveta ya wati 2,000, tumia waya wa milimita za mraba 35 usiozidi mita mbili, na fyuzi ya ampea 125 iliyo karibu kabisa na betri.

Chumvi

Katika nyumba ya mjomba wangu paneli zilifanya kazi vizuri kwa mwaka mmoja, kisha zikaanza kutoa nusu ya umeme wake. Kioo kilikuwa safi na betri ilikuwa nzima. Tulipofungua kiunganishi kimoja, waya wa shaba uliokuwa ndani ulikuwa umegeuka unga wa kijani, na nyuzi chache tu ndizo zilizobaki zikishikilia. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka upande mmoja kwa joto. Kiunganishi kilikuwa kimelazwa juu ya bati kikitazama juu, kikikusanya umande wa bahari kila usiku, na nusu yake ya kike ilikuwa ya chapa tofauti na ya kiume.

Kwa hiyo viunganishi viwe vya chapa moja, vibanwe kwa koleo lake maalumu, vifungwe chini ya paneli visiguse bati, na waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye kisanduku ili maji yadondoke badala ya kuufuata ndani. Matundu ya kisanduku yawe upande wa chini. Waya wa shaba uliopakwa madini ya bati, ule unaotumika kwenye boti, hudumu zaidi kuliko shaba tupu. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu chenye alama ya A4 au 316, na kati ya aluminiamu ya paneli na chuma kingine pawe na washa ya mpira au nailoni, kwa maana metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi moja huliwa. Vichwa vya betri vipakwe grisi baada ya kukazwa, si kabla.

Chumba cha betri na waya wa ardhi

Betri na inveta vikae chumba kikavu, upande usiopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, juu ya sakafu iliyoinuliwa, mbali na jiko na mahali watoto wanapolala. Anayetumia betri za risasi aache tundu la hewa karibu na dari, kwa sababu zikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, na kibatari au sigara isiingie humo.

Fimbo ya shaba ya kutuliza umeme ardhini huleta ubishi huku, kwa kuwa chini ya udongo mdogo kuna jiwe la matumbawe na fimbo haizami. Usiikate ikabaki kipande ili ionekane imezama. Chimba mfereji mahali penye unyevu, uilaze fimbo nzima humo, uifunike kwa udongo na si mchanga mkavu. Fremu za paneli na inveta ziunganishwe nayo, pamoja na kinga ya radi kwenye mstari wa paneli.

Kuwasha

Funika paneli kwa turubai. Unganisha betri kwanza kwenye kidhibiti chaji, usubiri kioo chake kiwake, uchague aina sahihi ya betri, ndipo uwashe breka ya paneli na kuondoa turubai. Ukizima, paneli zitangulie na betri ifuate. Hatua ya kuchagua aina ya betri isirukwe. Vidhibiti vingi hutoka kiwandani vimewekwa kwa ajili ya risasi, na baadhi yake kila baada ya muda hupandisha volti ili kuisafisha betri ya risasi. Jambo hilo huidhuru lithiamu.

Kwa wiki mbili za mwanzo andika asilimia ya betri wakati wa magharibi na wakati wa alfajiri. Ikiwa alfajiri inakukuta chini ya asilimia 30 katika siku za jua, kuna kifaa kinachokula kuliko ulivyoandika, na mara nyingi ni jokofu lenye mpira wa mlango uliochoka.

Baada ya hapo, kioo kifutwe kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi, asubuhi kabla hakijapata moto, kwa kitambaa laini na maji ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi. Ndoo moja inatosha paneli zote tatu. Kila mwanzo wa kaskazi na wa kusi, kaza bolti zote na ufungue kisanduku uangalie kama kuna rangi ya kijani.

Betri zilizokufa zirudi bara. Risasi na asidi zikimwagwa nyuma ya nyumba hufika kisimani haraka sana kupitia matumbawe. Ongea na nahodha wa mashua siku ile ile unayoleta betri mpya, kwa kuwa safari ya kurudi Utende mara nyingi huwa na nafasi, na Dar es Salaam wapo wanaozinunua betri za risasi kwa kilo.